Mabuyu ya sumuni

Jana nimeshuka matatu pale Burma, Nairobi, nikakuta mama ameketi na ndoo ya mabuyu. Nikanunua ya shilingi 20. Mbegu ya kwanza tu mdomoni, nikajikuta mtaa wetu wa Jericho mwaka 1994, nimevaa sare ya shule, vidole vyekundu hadi kwenye kucha.

Wakati huo sumuni, senti hamsini, ilikuwa pesa. Unasimama dirishani kwa duka, pua imegusa wavu, unachagua kwa macho. Chingamu ya Big G ilikuwa ya kushindana nani atapuliza puto kubwa. Goody Goody tuliivuta kwa meno mpaka ikarefuka. Patco ulinyonya polepole ukiomba ifike nyumbani. Na mwenye duka akikosa chenji, anakupa switi. Wazee walinung'unika, sisi tulifurahi sana!

Lakini mabuyu ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Yalifungwa kwa karatasi ya daftari kuukuu, wino wa hesabu za mtu ukichungulia kwa nje. Kwanza unapata sukari na ile rangi, kisha pilipili kidogo kama mpishi ni wa Pwani, halafu ule uchachu wa ubuyu wenyewe unaokukunja uso. Mbegu unaizungusha mdomoni hadi ibaki laini, huna haraka ya kuitema.

Mama hakuhitaji kuniuliza nimekula nini. "Toa ulimi nione."

Jioni nilimgawia binti yangu. Alitema mbegu mkononi, akaitazama, akauliza kama zimebaki nyingine. Nikamwambia atoe ulimi.