"Amepata choo" sio ripoti

Manesi wenzangu, na wewe unayeuguza mtu wako nyumbani, leo naongelea kinyesi. Wodini tumezoea kuandika "amepata choo" au "hajapata choo" halafu faili linafungwa, na wagonjwa wa utumbo wa chini wanaumia hapohapo.

Nikiwa bado mgeni kazini tulikuwa na bibi mmoja, hatembei, yuko kwenye morfini kwa ajili ya maumivu, na kila shifti tunambadilishia shuka maana anachafua kidogokidogo, majimaji tu. Sote tukaandika anaharisha, akaandikiwa dawa ya kuzuia. Siku ya tatu tumbo limejaa, chakula hataki, maneno yake hayaeleweki, ndo sista mmoja wa siku nyingi akauliza, kuna aliyempima kwa kidole? Hakuna. Akavaa glovu akapima, akakuta puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya mkundu, imejaa kinyesi kigumu kikavu, kumbe yale majimaji yalikuwa yanapenya pembeni mwa ule mzigo! Yaani mtu amefunga choo na sisi tunazidi kumfunga. Alipewa enema, dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kalazwa ubavu wa kushoto maana utumbo mpana unashukia upande huo, ikachukua siku mbili mpaka akapata nafuu, na mimi mpaka leo bado inaniuma.

Tangu hapo nauliza. Mara ya mwisho lini, kiasi gani, umejikamua? Kuna damu, na damu yenyewe imepaka juu tu au imechanganyika, au choo ni cheusi kinanata kama lami? Kinakuamsha usiku? Hili la usiku watu wanalipita haraka, lakini kuharisha kunakomtoa mtu usingizini mwambie daktari. Ile chati ya Bristol yenye aina 7, kuanzia vijiwe vilivyoachana mpaka maji matupu, ibandike mahali mgonjwa anaiona, maana wengi kutamka wanaona aibu ila kunyooshea picha kidole wanaweza. Na akiharisha baada ya kutumia antibayotiki, sanitaiza usiitegemee, spora za C. difficile, bakteria anayeleta kuharisha baada ya antibayotiki, hazifi kwa spiriti, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Kwa wenye stoma, yaani utumbo uliotolewa nje kwenye ngozi ya tumbo ili choo kitokee hapo kiingie kwenye mfuko, ni yaleyale, tunaandika "mfuko umebadilishwa" basi. Umeiangalia lakini? Inatakiwa iwe nyekundu yenye unyevu kama ndani ya shavu lako, ukiifuta ikatoa tone la damu usishtuke, ikiwa zambarau iliyoiva au nyeusi mwite daktari wa upasuaji sasa hivi usisubiri raundi. Mwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, pima kinachotoka, kikizidi lita moja na nusu kwa siku anapoteza maji na chumvi haraka sana. Halafu ngozi jamani, kile kinachotoka kina vimeng'enya vinavyounguza, kwa hiyo tundu la ile sahani ya kubandika inayoshikilia mfuko kwenye ngozi liwe kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu, na upime upya mara kwa mara maana stoma inaendelea kusinyaa wiki 6 mpaka 8 baada ya upasuaji. Mfuko umwagwe ukifika theluthi, usiachwe ukajaa ukavuta mpaka ubanduke.

Na uso wako. Mgonjwa anakuangalia wewe kabla hajaliangalia tumbo lake, ukikunja pua ameshajua jibu. Kuna kijana mwenye stoma alikaa siku nne anageukia ukutani kila nikimhudumia, mimi nafanya taratibu namweleza kila hatua, nikamwambia pia stoma ukiigusa haiumi kwa sababu haina neva za maumivu. Siku ya tano akageuka, akaangalia kimya muda mrefu, akaniomba mkasi akate tundu mwenyewe.