Siku moja maishani mwangu: dereva wa teksi ya umeme na vijimambo vinavyonilia muda

Naendesha teksi ya kuita kwa simu na gari yangu ni ya umeme, mpya, nimeichukua mwaka huu. Watu wakinikuta nimeegesha kwenye chaja nimelaza kiti wanasema huyu kapata kazi ya kulala. Ngoja niwapitishe kwenye siku ya jana mwone wenyewe. Na niseme mapema kabisa, gari naipenda, imetulia, haitetemeki, haina oili ya injini ya kubadilisha, kinachonichosha ni vijimambo vidogo ambavyo mtu wa kwenda kazini na kurudi anavivumilia ila mimi ninayeishi humo ndani alfajiri mpaka usiku vinanikata muda, na muda ndo biashara yangu.

Saa 11 alfajiri

Betri iko asilimia 100. Betri ya aina yangu kwa mizunguko ya kila siku wanashauri uishie 80, na mara nyingi naishia hapo, ila jana nilikuwa na abiria wa mbali asubuhi. Sasa ikijaa kabisa, ile hali ya gari kujishika yenyewe ukiinua mguu na kurudisha umeme kwenye betri inapungua nguvu, maana umeme hauna pa kuingia. Kwa hiyo kilomita za mwanzo unakanyaga breki ya kawaida, betri ikishuka kidogo gari inaanza kujishika tena na mguu inabidi ujipange upya. Abiria hayajui hayo, anachosikia ni kwamba dereva leo anashtua.

Kabla ya kuondoka nazima kengele. Kuna ya kukwambia umezidisha mwendo, kuna ya kukwambia umegusa mstari, na zote ukizima gari ukawasha tena zinarudi. Ya mwendo Umoja wa Ulaya umeifanya lazima kwa magari yote mapya tangu Julai 2024, na sheria yao inataka iwake upya kila gari linapowashwa. Naelewa, inaokoa watu. Lakini kazi yangu ni kusimama na kuondoka siku nzima na kila mara naingia kwenye kioo, menyu, menyu nyingine, zima, zima, huku mtu yuko nyuma ana haraka zake.

Saa 12 mpaka saa 4

Abiria wa mbali kafika, wengine wa mjini wamefika, hakuna la kusimulia isipokuwa vitasa. Vitasa vya gari yangu vimelala ndani ya mlango, unabonyeza upande mmoja ndo upande wa pili unatoka. Asubuhi yote ni watu wanapapasa mlango. Kuna mama mtu mzima alisimama nje na mizigo yake akanitazama akidhani nimemfungia, nikashuka nikamfungulia, nikamwomba radhi, akanambia "mwanangu hili gari linachagua watu?" Nilijisikia vibaya kwa niaba ya aliyelichora. Na kushuka nako vilevile, ndani hakuna kitasa cha kuvuta, kuna kitufe, mtu anatafuta gizani. Siku hizi nashuka kumfungulia kila niliyemwona ana umri au ana mtoto mkononi, ni sehemu ya kazi, sidai chochote.

Huyo mama ndo aliniuliza kama haya magari ya juzi juzi yatadumu. Nikamwambia mama, teksi za umeme zilikuwepo London mwaka 1897, za mhandisi mmoja Walter Bersey, zikibeba abiria wa kulipa. Akacheka akasema basi sisi ndo tumechelewa. Napenda kulisema hilo, watu wajue hii kazi yetu haijaokotwa jana.

Saa 6 mchana, na hapa ndo siku ilipokwama

Nilifika kituo cha kuchaji nikiwa na asilimia 18. Barabara kuu ya asubuhi ilikula sana, na hili wengi hawalijui, gari ya umeme ni kinyume na ya mafuta, foleni za mjini haziiumizi, kinachoimaliza ni mwendo mkali wa barabara ndefu kwa sababu ya kusukumana na upepo. Namba ya kilomita iliyo kwenye brosha ilipimwa maabara, mimi sifanyi kazi maabara.

Kituo kina chaja tatu. Moja kioo cheusi, imekufa. Moja ina plagi ya CHAdeMO tu, yangu ni CCS2, haziingiliani. Ya tatu ina waya mbili, zote ziko kwenye magari ya watu. Gari moja lilikuwa 41, huyo nilimwelewa. La pili lilikuwa asilimia 92 na mwenyewe hayupo.

Nikakaa. Simu inaita abiria, nakataa. Inaita tena, nakataa. Na ukikataa sana mfumo unakuhesabia, unaanza kupewa kazi chache, kwa hiyo pale nilipo sipati hela na nazipoteza za jioni pia. Huwezi kumchomoa mtu maana plagi inajifunga kwenye gari mpaka mwenye gari afungue, na hata ingekuwa haijifungi nisingegusa gari la mtu.

Jamaa mwenye hilo gari la pili akaja limesoma 95. Nikamsalimia kwa heshima, kaka habari za saa hizi, samahani, unaweza kunipisha, niko kazini. Akaniambia hapana, anataka mia. Nikamwambia kaka kwenye chaja ya kasi ukipita 80 gari yenyewe inapunguza umeme kulinda betri, kutoka 80 kwenda 100 mara nyingi unakaribia muda uleule uliotumia kutoka 10 kufika 80. Nikamwambia ni kama basi la abiria, wa mwanzo wanakaa fasta popote, wa mwisho wanazunguka kutafuta kiti. Akaangalia gari yangu akaona kibandiko cha teksi akasema "nyie wa teksi ndo mnatujazia hizi chaja, mngejitafutia zenu."

Hilo liliniuma na bado linaniuma. Mimi nalipia umeme uleule kwa bei ileile. Gari yake akitoka hapo inaenda kulala, yangu inaenda kuwachukua watu hospitali, shule, kazini, mpaka usiku. Sikumjibu hivyo, nilimwambia tu sawa kaka nitasubiri, na nikasubiri, na alipofika 98 akaondoka mwenyewe bila kuaga.

Nikachomeka. Programu ya simu ikanitoa nje, ingia upya. Nikaingia, ikataka nithibitishe kadi. Nikathibitisha, chaja ikaandika hitilafu ya mawasiliano. Nikapiga namba ya msaada, dada mmoja mpole akaizima na kuiwasha tena akiwa hukohuko mbali, ikachukua dakika zake, halafu ikaanza, ila kwa sababu ile gari nyingine bado ilikuwa kwenye waya wa pili chaja ilitugawia nguvu nusu kwa nusu. Ubao umeandikwa kilowati 120, mimi nikapata chini ya 60. Jua linawaka, hakuna paa, hakuna benchi. Sheli wana paa na unakaa pale dakika tano tu, sisi tunaokaa muda wote huo tumewekwa juani.

Sasa mtu akipita ananiona nimelaza kiti. Ndiyo huo usingizi wanaousema.

Niliondoka kwenye 80 kamili. Wa kunisubiri alishafika, nikamwona, nikatoa waya na nikamshikisha mkononi.

Mchana kuendelea

Saa 9, saa 10, sikumbuki mpangilio vizuri. Kuna dada aliniambia kaka nizime kiyoyozi nisije nikakumalizia betri. Hapana jamani, msiumie. Gari yangu mjini inakula kama kilowati-saa 16 kwa kilomita 100, kiyoyozi kikishatuliza joto kinakula kilowati moja hivi, betri ni ya kilowati-saa 60, yaani saa nzima ya ubaridi haifiki hata asilimia 2. Abiria wangu hakai kwenye joto.

Kioo kikanitolea ujumbe wa apdeti katikati ya safari, sasisha sasa au baadaye, na kwa gari yangu ukikubali haliendi popote mpaka imalize. Baadaye. Kikarudi tena jioni. Baadaye.

Tairi za mbele nimeziangalia, zinaisha mapema kuliko za gari niliyokuwa nayo, betri ni nzito na mota inavuta kwa nguvu tangu unapogusa. Na spea tairi haipo, umepewa chupa ya gundi na pampu ndogo, ambayo kwa msumari inasaidia, kwa tairi lililochanika pembeni haisaidii kitu na hapo unaita gari la kubeba, maana ya umeme haitakiwi kukokotwa magurudumu ya mota yakizunguka chini.

Usiku

Mzee mmoja wa kilomita 40, betri 31. Hesabu yangu iko sawa, kwa mwendo wa kawaida hiyo ni zaidi ya kilomita 100, kwenda na kurudi natosha na inabaki. Lakini kioo kiko katikati, kikubwa, na mzee kakaa mbele, macho yote kwenye namba. 30. "Tutafika?" Tutafika mzee wangu. 28. "Una uhakika?" Kwenye gari ya mafuta miaka yote sijawahi kuulizwa mshale uko wapi. Mwisho nikabadilisha ukurasa nikaweka ramani, tukaanza kuongea habari za wajukuu zake, tukafika na 19, akashuka akasema kijana umenifikisha salama. Nilifurahi sana kusikia hivyo, zaidi ya malipo.

Nimefika nyumbani nimechoka mgongo na macho, nikachomeka, nikaingia ndani, nikaangalia simu: haichaji. Fundi aliyefunga chaja ya ukutani aliiwekea ratiba yake, gari nayo ina ratiba yake, ya gari inasema anza sasa, ya ukutani inasema subiri saa 8 usiku, zinapingana na hakuna kinachoanza. Nikatoka tena nje nikaifuta ya ukutani. Kama umenunua mpya angalia hilo siku ya kwanza kabisa, acha ratiba ya gari peke yake, na kaa hapo mpaka uone kilowati zinapanda ndo ukalale.