Siku moja kwenye meli ya mafuta

Saa 11 alfajiri: chai, mkate, kofia ngumu, kikao cha usalama. Nyumbani Likoni wakisikia nahudumia manowari za Marekani hudhani nabeba bunduki. Mimi ni baharia wa kiraia. Bunduki ninayoishika ni ya kurushia kamba.

Saa 1 manowari ya kwanza ikaja, ikajaza mafuta kutoka kwetu huku sote tukitembea, ikaondoka.

Saa 4 ikaja ya pili, na hiyo ndiyo iliyotumaliza. Sisi tunashika mwelekeo mmoja na mwendo mmoja. Anayekuja ndiye hujipanga ubavuni mwetu, mita kama 50 hivi. Maji yakibanwa kati ya meli mbili hukimbia kasi, nazo huanza kuvutana. Huyu akatusogelea mno, akajitoa, akarudi yuko mbali. Kamba ya kwanza ikaanguka majini. Ya pili pia. Ya tatu wakaidaka, waya ukapita, tukapeleka mpira wa mafuta. Ncha ikagonga kipokeo chao, haikuingia. Tukaivuta nyuma. Mara nne! Glavu zangu zililowa grisi hadi ndani, mabega yakawa mazito kama magunia. Serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia wa sitahani, hakupaza sauti hata mara moja. "Tazama waya, mwanangu. Achana na saa."

Nikiwa hapo kwenye winchi huwa naikumbuka Maumee, meli ya mafuta ya Marekani. Zamani za makaa ya mawe, manowari ilitafuta bandari au ghuba tulivu, mabaharia wakajipaka weusi kwa kubeba magunia. Mafuta yalipokuja, kumbe yanaweza kupita kwenye mpira. Mei 28, 1917, kusini mwa Greenland, Maumee ilianza kuzijaza manowari sita za Marekani zilizokuwa zikienda Ireland kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huku zote zikitembea. Mhandisi wake mkuu alikuwa Chester Nimitz, yule aliyekuja kuongoza manowari za Marekani kwenye bahari ya Pasifiki katika Vita vya Pili vya Dunia. Katika vita hivyo vya pili Wajerumani walikuwa na meli ya Dithmarschen, iliyobeba mafuta, risasi na chakula pamoja. Baada ya vita Wamarekani waliichukua, wakaiita Conecuh, wakaifanyia majaribio. Kazi yetu ilizaliwa kwa mikono kama hii.

Mara ya tano ncha ikaingia. Nikasikia mlio wake, mpira ukatuna, mafuta yakaenda.

Walipoachia waya jua lilikuwa limeshazama, wenzetu wa upande ule wakatupungia mikono. Chakula cha mchana sikukila. Nilipogeuka, serahangi alikuwa amepiga magoti sitahani, anakunja kamba kwa ajili ya manowari ya tatu.