Tofali lililolala kwenye ndoo

Leo niko Mufindi kwa Bibi. Ukungu hadi saa nne, baridi ile ile.

Tunamjengea nyumba. Ile ya zamani ina kidirisha kimoja, nacho amekiziba kwa gunia kwa ajili ya baridi. Moshi wote wa jikoni anauvuta yeye. Kikohozi chake kinaniuma sana.

Safari hii hatuchomi matofali. Tunatumia ya kufungamana: udongo wa hapahapa na saruji kidogo, yanashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha yanafunikwa na kumwagiliwa maji siku 7 au zaidi. Hakuna tanuru, hakuna magogo.

Bibi hakuamini.
"Halijachomwa hili. Mvua za huku litazimudu?"

Jana fundi akatumbukiza moja kwenye ndoo ya maji.
Asubuhi hii Bibi kalitoa mwenyewe. Akalikwaruza kwa kucha. Akaligonga, akaligeuza, akalikwaruza tena. Kimya muda mrefu.
Halafu: "Haya, pandisheni. Na madirisha yawe makubwa."

Nimefurahi mno! Tutayawekea vioo na wavu wa mbu, na jiko litakuwa na bomba la moshi.

Mliojenga kwa matofali haya Njombe na Makete, msingi mliuinua kiasi gani? Niambieni, kesho tunaendelea.