Mwaka wa El Nino na Trekta la Theluji

Trekta lilikuja ndani ya kontena, limefunikwa makoti. Sisi tuliopewa kazi ya kupakua tulidhani ni makoti matupu, maana kila kontena lililotoka kwa marafiki wa misheni huko Marekani lilikuwa na makoti. Wapo waliokuwa wakiyacheka. Asiyeijua Dodoma anafikiri huku ni jua mwaka mzima, lakini Juni na Julai upepo ukianza kupiga usiku, mzee wa Kigogo aliyevaa koti zito humwambii kitu. Kwa hiyo tulikuwa tunayagawana kwa macho kabla Sista Mkuu hajafika. Lilipoondolewa koti la chini kabisa, tukaona usukani.

Hiyo ilikuwa 1996. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikawa utingo wa Land Rover ya kituo cha afya cha misheni, upande wa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Dereva alikuwa baba mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi pia, na mwasha jenereta, na mziba mabati. Mimi nilishika tochi na spana.

Lilikuwa trekta la bustani. Ukilikalia, miguu inakaa kama umepanda punda. Rangi ya manjano na nyeupe, ubavuni limeandikwa Cub Cadet 100, na jina la International Harvester. Modeli ile ilitengenezwa kati ya 1963 na 1965, kwa hiyo lilikuwa limenizidi umri kwa mbali. Injini ya Kohler, silinda moja, nguvu za farasi 10, inatumia petroli na inapozwa kwa upepo tu, haina rejeta. Gia tatu za mbele, moja ya nyuma. Baba mdogo alilala chini yake akachungulia, akatoka anafuta mikono. Alichopenda ni kwamba halikuwa na mkanda wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu, lilikuwa na shafti.

Lakini mbele halikuwa na chombo cha kulimia. Lilikuwa na bledi, bamba la chuma lililopinda, upana wa inchi 42, na nyuma ya kiti kulikuwa na gunia la cheni za tairi. Cheni baba mdogo alizijua. Aliwahi kuwa utingo wa malori, na masika malori hufungwa cheni ili yapite kwenye tope. Alichouliza ni kwa nini mtu afunge cheni kwenye kitu kidogo vile.

Jibu lilikuwa kwenye kitabu cha maelekezo, ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenye Kiingereza cha shule nilikuwa mimi, nikamsomea jioni barazani. Kulikuwa na picha ya mtu aliyevaa kofia yenye masikio, anasukuma theluji mbele ya nyumba yake. Theluji tulikuwa tumeiona kwenye picha za Mlima Kilimanjaro, iko juu huko haimsumbui mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kumfungia mtu mlango.

"Ikishasukumwa inakwenda wapi?" akauliza.

"Inarundikwa pembeni mpaka iyeyuke, baba mdogo."

"Na ikianguka nyingine kabla hiyo haijayeyuka?"

Nikageuza kurasa. Kitabu kilisema siku ya kwanza usukume mbali kuliko unavyohitaji, kwa sababu rundo likishaganda halisogei tena, na kila theluji inapoanguka njia inazidi kuwa nyembamba. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la maana na mtu asiyemtegemea. Akaniambia niendelee kusoma. Tulikisoma chote, hata sehemu ya kukata majani, kitu ambacho kwetu hufanywa na mbuzi.

Babu, yaani baba yake, alilitazama trekta akacheka mpaka akakohoa. Babu alikuwa kijana kule Kongwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 ukafa mwanzoni mwa 1951. Aliyaona matrekta yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita, mengine yametoka Ufilipino, na yale ya Shervick yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Aliiona pia ardhi ya Kongwa ilivyokuwa ikikauka kiangazi mpaka inakula majembe ya chuma. "Yale yameshindwa," akasema. "Haka kataweza nini? Kupalilia mchicha?"

Kwa zaidi ya mwaka lilifanya kazi za kitoto. Lilivuta toroli la kuni, lilisogeza mapipa. Siku moja mwiba wa mgunga ulitoboa tairi la nyuma, na badala ya upepo yakatoka maji. Maji ndani ya tairi la trekta si ajabu, hutiwa kwa ajili ya uzito, lakini haya hayakuwa maji ya kawaida. Baba mdogo alichovya kidole akaonja, akatema. Chumvi, tena chungu. Kumbe kwenye nchi za baridi maji matupu yangeganda, kwa hiyo wao hutia kloridi ya kalsiamu. Chumvi ile ilikuwa imeshaanza kuila rimu. Tuliimwaga yote, tukaosha, tukachomelea kiraka, tukatia maji ya kisima.

Halafu ikaja El Nino.

Dodoma mvua si kitu cha kuchezea hesabu. Mwaka wa kawaida tunapata milimita mia tano na kitu, karibu zote kati ya Desemba na Machi, na uwele na mtama wetu vimezoea hivyo. Mwishoni mwa 1997 mvua ilianza na haikujua kuacha. Reli ya kati ikakatika, treni tukaacha kuisikia. Barabara ya Mpwapwa ilipitika siku moja, siku ya pili haipitiki. Kituo chetu kilikuwa kwenye mteremko, chini ya korongo ambalo mwaka mzima ni mchanga mkavu watoto wanachezea mpira. Ng'ombe na shoka vilikuwa vimeuacha mlima uchi kwa miaka mingi, na maji yakishuka hayaji peke yake.

Usiku mmoja wa Januari 1998 korongo lilifungua. Tulisikia mngurumo, kisha mbwa, kisha kimya. Kulipopambazuka ua ulikuwa mgeni kwangu. Mchanga uliochanganyika na tope jekundu ulikuwa umeingia kwa geti na kutandaa mpaka kwenye ngazi za wodi. Mlango wa gereji ulizikwa hadi kwenye komeo, na Land Rover ilikuwa ndani.

Kwenye baraza la wodi alilazwa mzee mmoja aliyeletwa jana yake jioni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ngiri ilikuwa imenasa, tumbo limevimba. Tabibu alijaribu kuirudisha kwa mkono ikakataa, na alituambia kando kwamba utumbo ulionasa huoza, apasuliwe Mpwapwa leo. Kumbeba kwa machela hadi huko kwenye tope lile isingewezekana. Korongo lenyewe kule mbele, alisema mlinzi aliyetoka kukagua, lilikuwa limeshapungua na gari lingevuka. Tatizo lilikuwa ua wetu.

Watu walikuja na majembe na machepeo. Wanawake walibeba mchanga kwa makarai. Lakini mchanga uliolowa ukiuchota hapa, wa pale unateremka kuziba. Baada ya muda baba mdogo aliweka chepeo chini, akaenda nyuma ya jiko lilikokuwa limesimama trekta, akaanza kulifutia plagi.

Betri ilikuwa imekufa. Tuliingia gereji kwa kupenya dirishani, tukatoa betri ya Land Rover, tukabusti. Tukaja kwenye petroli, na hapo ndipo palipomuuma kichwa. Petroli yote iliyokuwepo ilikuwa kwenye tangi la Land Rover. Geji ilikufa zamani, akapima kwa fito. Akasimama na ile fito mkononi, anahesabu kimoyomoyo kilomita za Mpwapwa kwa gia ndogo. Kisha akanyonya kwa mpira dumu la lita tano, akatia nusu kwenye trekta na nusu akanikabidhi mimi. "Usimpe mtu," akasema, kana kwamba kuna aliyekuwa anaitaka.

Safari ya kwanza tairi zilizunguka tu. Zile tairi za bustani zina meno mafupi, zilijaa tope zikawa laini kama sahani. Watu wakacheka, na mgonjwa barazani akauliza kwa sauti kama gari lake ndilo lile. Tukafunga cheni. Safari hii liliuma ardhi, likasogea, bledi ikajaa, na papo hapo bledi ikalala kifudifudi na kuupita mchanga juu kwa juu.

Hapo kile kitabu kilisaidia. Bledi ya theluji ina springi nyuma, ili ikigonga jiwe lililofichika iiname badala ya kuvunjika. Kwa theluji ni busara kubwa: iliyoanguka punde, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100 hivi. Mchanga uliolowa, ujazo huohuo, unakaribia tani mbili. Springi zilidhani kila mzigo ni jiwe. Baba mdogo alizifunga kwa bolti na waya ili zisiiname, akainua bledi kidogo, akaikalisha upande. Akaacha kusukuma moja kwa moja. Alimega tabaka jembamba, nusu ya upana wa bledi, gia ya kwanza, mchanga unatiririka kando, anarudi nyuma, anamega tena.

Na kila alichomega alikipeleka mbali, hadi nje ya geti, hadi ukingo wa shamba la mihogo. Vijana wenye machepeo walikasirika. Kwa nini asirundike hapo kando ya gereji, mgonjwa akaondoka? Hakuwajibu, injini ilikuwa inapiga kelele. Nilijua anafikiria nini, maana ukurasa ule niliusoma mimi, na mawingu juu ya milima yalikuwa meusi bado. Lakini kusema kweli hata mimi nilitamani arundike karibu. Mzee yule alikuwa ameacha kutania.

Kisha akagonga gogo. Lilishuka na mafuriko likazikwa, na bledi iliyofungwa bolti haikuwa na namna ya kuinama. Trekta lilisimama ghafla, kifua chake kikapiga usukani, na fimbo ya kuinulia bledi ikapinda. Tulimshusha. Alikaa kwenye tope anatafuta pumzi, akaonyesha fimbo kwa kidole. Nikaifungua nikaikimbiza kwenye kipande cha reli kilichokuwa fuawe yetu, nikainyoosha kwa nyundo. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote utingoni mwangu, na hakuna aliyeiona, wote walikuwa wamemzunguka yeye. Tabibu alimgusa mbavu akasema zimechubuka tu, apumzike. Akapanda tena.

Injini ilipopata moto sana tulizima, tukachokoa tope kwenye mapezi ya silinda kwa kijiti, maana upepo usipopita pale ndiyo imekwisha. Ile nusu ya pili ya petroli iliingia. Jua lilikuwa limeshapita utosini mlango wa gereji ulipofunguka, kwanza kwa upana wa mtu, kisha wote. Land Rover ikarudi nyuma ikifuata njia iliyoachwa na bledi, cheni zimechora mistari pembeni. Baba mdogo ndiye aliyeendesha, ameshika mbavu kwa mkono mmoja. Mimi nilibaki. Nafasi yangu alilala mgonjwa.

Usiku huo mvua ilinyesha tena na korongo likaleta mchanga mwingine. Ulitandaa pale tulipopasafisha, kina cha kifundo cha mguu, na vijana wa machepeo waliumaliza asubuhi bila kuwasha kitu chochote. Hakuna aliyemwambia baba mdogo neno. Babu tu ndiye aliyefika, akalizunguka trekta, akaipiga bledi kwa fimbo yake, akaondoka.

Mzee wa ngiri alipasuliwa siku ileile. Februari alikuja kwa miguu, koti la kontena begani, jogoo kwapani. "Mbukwenyi," akasalimia, akauliza mwenye katrekta yuko wapi. Baba mdogo akatoka gereji. Mzee hakutoa jogoo. Alitaka kwanza akalikalie. Akapandishwa, akashika usukani kwa mikono miwili, jogoo amebanwa magotini, akaamuru liwashwe.

"Petroli hakuna, baba," baba mdogo akamwambia. "Ya akiba imefungiwa."

Mzee akafikiri. Akasema basi jogoo atarudi naye nyumbani, watakuja wote wawili siku petroli itakapopatikana. Sista Mkuu, aliyekuwa anasikiliza kutoka dirishani, akatupa ufunguo wa stoo.