Nilivyopata pesa za utafiti wa uzamili nikiwa Njoro

Nilipomaliza masomo ya darasani ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Egerton, kilichobaki kilikuwa utafiti, na utafiti ni pesa. Mada yangu ilikuwa mnyauko wa viazi, ule unaomfanya mkulima wa Molo au Mau Narok akute mimea imelala ilhali udongo una maji. Bakteria wake hukaa udongoni na ndani ya mbegu zenyewe. Huwezi kuwachunguza kwa macho. Unahitaji maabara, na maabara haikopeshi.

Nilianza kwa kusoma mialiko ya ufadhili, na punde nikaona kwamba mingi haikuwa ikiniita mimi. RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu wenye makao Makerere, Kampala, umekuwa na ruzuku inayogharimia wanafunzi wa uzamili katika kilimo, lakini mwombaji ni mhadhiri. Mwanafunzi anaingia ndani ya mradi wake. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, imewahi kuwatengea wanafunzi fungu, ila huwezi kupanga masomo yako ukingojea mwaliko wake. (Sheria hiyo inataka hazina ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Haya.) Basi nikaacha kutafuta pesa, nikaanza kutafuta mhadhiri.

Hakuna anayebandika mlangoni kwamba ana ruzuku. Nikaenda maktaba, nikachukua tasnifu za karibuni na kusoma ukurasa mmoja tu: wa shukrani. Hapo mwanafunzi humshukuru Mungu, mama yake na aliyelipa. Mfadhili yuleyule akitajwa na wanafunzi kadhaa wa msimamizi mmoja, umeshaona mkondo wa pesa. Kisha nikatafuta makala mapya ya wahadhiri hao, maana tasnifu huonyesha pesa zilizokwisha kuliwa.

Mmoja wao alikuwa akiandaa pendekezo kuhusu mbegu safi za viazi. Nilimpelekea wazo langu la utafiti kwenye ukurasa mmoja. Hakuniuliza nadharia.

"Kutoka hapa hadi Mau Narok nauli ni ngapi mvua ikinyesha? Na sampuli utazibeba ndani ya nini?"

"Daktari, nimeuliza stejini," nikamjibu, nikamtajia nauli ya matatu na ya boda ya kumalizia.

"Basi bajeti ya shambani iandike wewe."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa, na ndipo naamini maombi mengi huanguka. Kila shilingi ilibidi ishikane na shughuli: idadi ya mashamba kuzidisha kwa sampuli za kila shamba, kwa visahani vya kuoteshea bakteria, kwa marudio, yaani mara ambazo kila kipimo kinarudiwa. Nilipata kotesheni za kemikali kutoka kwa wauzaji wa Nairobi, ikiwemo tetrazoliamu, inayofanya makundi ya bakteria hawa yaonekane mekundu katikati. Posho za wasaidizi tukazipanga kwa viwango vya chuo, si ukarimu wetu. Jumla ilipozidi kiwango cha mfadhili, Daktari alitaka tupunguze marudio. Mimi nikaomba tupunguze wadi za kuchukulia sampuli. Anayepima maombi kwa niaba ya mfadhili anaweza kukubali eneo dogo, lakini takwimu dhaifu atazirudisha. Akakubali.

Kwa kuwa ningewahoji wakulima, kibali cha kamati ya maadili kilihitajika, na pia leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi. Fomu nilizijaza kabla ya jibu la mfadhili kuja, na barua ya idara nikaiomba mapema, kwa sababu wakubwa wana safari.

Ruzuku ilipotoka iliingia akaunti ya chuo. Shambani nilikwenda kwa masurufu, yaani pesa za safari zinazotolewa mapema, na masurufu hayatolewi tena kabla hujarudisha risiti za yaliyotangulia. Mwenye boda hana kitabu cha risiti. Nilichapisha vijikaratasi vyenye tarehe, safari, kiasi na mahali pa sahihi, nikamwomba mhasibu avikubali kabla sijapanda boda ya kwanza.