B ya Juu Ilipodondoka

Filimbi ya bati ikiwa baridi hushuka sauti, na usiku ule wa Februari mjini Ennis, kaunti ya Clare, Ayalandi, yangu nilikuwa nimeitia mfuko wa nje wa koti. Mzee aliyenifundisha, seremala mstaafu, yake aliificha ndani ya sweta tangu tulipotoka kwake. "Ipashe kwapani," aliniambia mlangoni pa baa, "la sivyo fidla zitakuumbua."

Kwenye kona walikuwepo wapiga fidla watatu, akordioni moja na banjo. Karatasi hakuna hata moja. Jigi (wimbo wa dansi wa Kiayalandi) niliyoiandaa ilikuwa The Kesh, katika ufunguo wa G, na niliipata kwa sikio jikoni kwa mzee: anapuliza vipimo viwili, yaani vipande vifupi vya wimbo vyenye mapigo sawa, narudia, anaongeza viwili, mpaka sehemu ya kwanza yenye vipimo 8 inakaa kichwani. Sehemu ya pili nayo ina 8. Kila moja hurudiwa, jumla 32, na wimbo mzima hupigwa kama mara tatu, kisha watu wanahamia mwingine bila kusimama.

Kazi kubwa ilikuwa roli, pambo la kuchezesha vidole juu ya noti moja ndefu. Wimbo unaanza na G inayochukua nafasi ya noti tatu, na hapo ndipo pa kuitia. Kwa G unaziba matundu matatu ya juu kwa mkono wa kushoto. Unaipuliza, unanyanyua kidole cha pete cha kushoto na kukirudisha papo hapo, G inasikika tena, halafu kidole cha shahada cha kulia kinagonga tundu la nne na kuruka kama kimegusa sufuria ya moto. Pumzi haikatiki, ulimi hauguswi. Kidole kikichelewa kurudi, sikio linasikia A kamili na roli imekufa. Mimi nilikuwa natamka "tu" kwa kila noti, na jigi ikatoka kama cherehani. Mzee alinikataza ulimi siku nne nzima. Nilimwona mkali mno. Sasa hata mimi nawakataza wengine.

"Anzisha wewe," akasema usiku ule.

Anayeanzisha ndiye anayeweka mwendo, na mimi nikaanza kama mtu anayekimbilia daladala ya mwisho. Wenzangu wakanifuata, maana adabu ya pale ni kumfuata aliyeanzisha. Sehemu ya kwanza ikapita. Sehemu ya pili inapanda kuelekea mwisho, g, f kali (iliyopandishwa nusu sauti), g, kisha a, g, a, ndipo inafika B ya juu. Noti hiyo inazibwa kwa kidole kimoja tu, shahada ya kushoto, lakini inadai pumzi yenye msukumo, na ukipuliza kwa uoga inaanguka oktava nzima, hadi B ya chini. Pumzi sikuwa nayo. B ikadondoka chini, ikakoroma, na papo hapo mate yakaziba njia ya hewa.

Dawa ya mate naijua: funika dirisha la filimbi, ule uwazi karibu na mdomo wake, kwa kidole, puliza kwa nguvu mara moja, usafi unarudi. Sikuthubutu kusimama, nikakosa vipimo viwili. Fidla hazikuyumba.

Mzee aliniinamia. "Tupa roli, vuta pumzi."

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yake. Kipimo cha pili nacho kinaanza na noti ndefu, A. Ukiishika kwa nafasi mbili badala ya tatu, ile ya tatu inabaki wazi kwa kupumua, na msikilizaji haoni pengo kwa sababu jigi bado inadunda tatu tatu. Roli na pumzi zinagombea chumba kimoja. Duru ya pili nikaacha roli ya A, nikavuta hewa palepale, nikafanya hivyo tena kabla ya kupanda. B ikalia, kali kidogo, lakini juu.

Tulipopumzika, msichana mwenye filimbi mpya akaniomba nimpe mwanzo. Yake ilikuwa inapiga mluzi ovyo: alikuwa akiziba kwa ncha za vidole, na tundu la tatu linavuja. Nikamlaza vidole, azibe kwa nyama ya pingili ya kwanza, nikampa vipimo viwili, polepole, bila roli.